Wa Kwanza Kufika Alipata Wapi Haki?

Muulize mlibertari wa mrengo wa kulia kuhusu kodi ya mapato, atakwambia ni unyang'anyi uliopigwa muhuri. Muulize kuhusu vijana kulazimishwa kwenda jeshini, atakwambia ni utumwa wa muda. Leseni ya kunyoa nywele, marufuku ya bangi, bei elekezi ya mkate: kote huko jibu lake halichelewi, na ukilifuatilia utakuta linachimbuka pale pale. Mwili wangu ni wangu, jasho langu ni langu, na hakuna mtu wala kundi la watu lenye ruhusa ya kunigusa bila ridhaa yangu. Hoja imenyooka, na ndiyo maana inawavutia wanaopenda hoja zilizonyooka. Lakini muulize mafuta yaliyolala mita elfu moja chini ya shamba ni ya nani, na kwa nini, uone mwendo unavyopungua. Mafuta si mwili wa mtu wala jasho la mtu. Yalikuwepo kabla yetu sote.

Nataka kukaa hapo mwendo unapopungua, kwa sababu kwa maoni yangu hapo ndipo penye roho ya nadharia nzima.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani, maana jina hili wanabebeshwa watu wengi wasiofanana. Mlibertari wa kulia si mhafidhina: mhafidhina hukubali dola imlinde mtu dhidi ya tabia zake mwenyewe, huyu hakubali. Wala si mliberali wa kawaida, ambaye haoni tabu kutoza kodi ili watoto wote wasome. Huyu wetu anashikilia kwamba kila mtu anajimiliki, kwamba ni haramu kuanza kumtumia mwingine nguvu au kumlaghai, na kwamba mali iliyopatikana kihalali haiguswi bila ridhaa ya mwenyewe. Wapo kati yao wanaobakiza dola ndogo ya polisi, mahakama na jeshi, ile inayofananishwa na mlinzi wa usiku. Kinara wao kitaaluma ni mwanafalsafa Robert Nozick wa Chuo Kikuu cha Harvard. Wapo wasiobakiza hata hiyo. Hao humfuata Murray Rothbard, mchumi wa New York aliyefariki mwaka 1995, aliyetaka hata ulinzi na hukumu vinunuliwe sokoni. Wachumi Milton Friedman na Friedrich Hayek huwekwa kwenye kapu hilo hilo, ila wao walitetea soko kwa matunda yake zaidi kuliko kwa haki za asili, na Friedman alifika mahali pa kusema kwamba kodi ya thamani ya ardhi tupu ndiyo yenye ubaya mdogo kuliko kodi zote. Kwa wafuasi wa Rothbard, maneno hayo ni kufuru.

Na hilo la "kulia" si pambo. Joseph Déjacque, Mfaransa aliyeanza kulitumia jina hili kisiasa mwaka 1857, alikuwa mwanarki, yaani mpinga dola, aliyetaka mali binafsi ifutwe. Wamarekani watetezi wa soko walilichukua karibu karne moja baadaye, na mwaka 1971 likawa jina la chama cha siasa. Hadi leo wapo wanafalsafa kama Hillel Steiner na Peter Vallentyne wanaojiita walibertari wa kushoto: wanakubali kwa asilimia mia kwamba mtu anajimiliki, ila wanasema dunia na vilivyomo ni vya wote kwa haki sawa. Kwa hiyo ugomvi wa ndugu hawa hauko kwenye mwili wa mtu, uko kwenye udongo. Ukitaka kumtambua mlibertari wa kulia, usimwulize kuhusu uhuru wa kusema, maana hapo atajibu sawa na wenzake. Mwulize kuhusu mto, msitu na mgodi.

Jibu lake la msingi lina zaidi ya miaka mia tatu. John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, katika kitabu kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1689, alianza na dunia ambayo Mungu amewapa wanadamu wote kwa pamoja, kisha akauliza mtu mmoja anawezaje kula tofaa bila kuwaomba ruhusa wengine wote. Jibu likawa kazi. Ninamiliki mwili wangu, kwa hiyo ninamiliki kazi ya mikono yangu; nikiichanganya na kitu kisicho cha mtu, kitu kile kinakuwa changu, mradi nimewaachia wengine cha kutosha na chenye ubora ule ule, na mradi sikiachi kioze. Katika mifano yake Locke anataja hata mabonge ya udongo wenye nyasi ambayo mtumishi wake ameyakata, na kwa utulivu kabisa anayahesabu kuwa mali yake yeye Locke. Mtumishi ndiye aliyetoa jasho. Wasomaji wengi hupita hapo haraka. Mimi huwa nasimama kidogo.

Nozick, ambaye kitabu chake Anarchy, State, and Utopia cha mwaka 1974 ndicho kilichoipa nadharia hii heshima vyuoni, hakuimeza hoja ya Locke nzima nzima. Aliuliza hivi: nikimwaga kopo la juisi ya nyanya baharini, chembe zake zikasambaa kote, je, nimeimiliki bahari, au nimepoteza juisi yangu kijinga? Kwa nini kuchanganya kilicho changu na kisicho changu kunipatie, badala ya kunipotezea? Sijaona mpinzani aliyeweka pingamizi kali kuliko hili, na limetoka ndani ya nyumba. Nozick hakulijibu moja kwa moja. Alihamia kwenye sharti la Locke akalilegeza: kujitwalia kitu kisicho na mwenyewe ni halali ikiwa hakuwaachi wengine katika hali mbaya kuliko ambayo wangekuwa nayo kama kitu kile kingebaki bila mwenyewe. Mwenye kisima pekee jangwani, kwa mfano, hawezi kutoza anachotaka pale visima vingine vinapokauka.

Sharti hilo linasikika la kibinadamu hadi utazame kipimo chake. Tuseme watu wawili wanaishi kwa kuokota matunda kwenye ardhi isiyo ya mtu. Wa kwanza anaamka mapema, anaitwaa yote, kisha anampa mwenzake kazi kwa ujira unaozidi kidogo kile alichokuwa akiokota. Kwa kipimo cha Nozick hakuna aliyedhulumiwa. G. A. Cohen, mwanafalsafa wa Oxford, aliliona tundu: huyu wa pili hakuulizwa, amepoteza uwezo wa kupanga maisha yake juu ya ardhi ile, na pengine yeye ndiye angeiendeleza vizuri zaidi kama angeamka mapema. Nadharia iliyoanza kwa kusema hakuna kumwamulia mtu bila ridhaa yake sasa inamwamulia mtu bila ridhaa yake, na fidia yake ni sahani iliyoongezwa kijiko kimoja.

Rothbard alikuwa mkavu zaidi, na kwa namna fulani mkweli zaidi. Sharti la Locke alilitupa. Kisichotumiwa na mtu hakina mwenyewe. Wa kwanza kukitumia ndiye mwenye nacho, chote, bila deni kwa yeyote. Lakini alisisitiza kutumia, si kutangaza. Columbus akishuka ufukweni na kupaza sauti kwamba bara zima ni lake, hajamiliki kitu zaidi ya pale alipolima au kujenga. Fikiria uzito wa jambo hili. Maeneo makubwa ambayo serikali zinayaita yao bila kuyafanyia kazi, kwa hesabu ya Rothbard, bado hayana mwenyewe.

Hapa lazima niwape haki yao walibertari, kwa sababu hoja hii inagonga mahali ambapo wengi wetu hatupendi paguswe. Katika nchi nyingi duniani madini na mafuta ni ya dola kwa mujibu wa sheria, hata yakiwa chini ya kitanda cha mtu. Marekani ni kati ya nchi chache ambako mwenye shamba anaweza kumiliki hadi mafuta yaliyo chini. Tumezoea kuliona la dola kuwa jambo la kawaida na la Marekani kuwa kioja. Lakini dola ilifanya kazi gani ili kuyapata madini yale? Ilitunga kifungu cha sheria. Ni Columbus yule yule ufukweni, safari hii amevaa suti. Na mara ngapi "mali ya wananchi wote" imemaanisha mali ya yule aliyeshika ikulu? Mlibertari akiuliza swali hilo hastahili kuzomewa. Anastahili kujibiwa.

Ila dola kukosa haki ya asili hakumpi haki hiyo moja kwa moja aliyefika wa kwanza. Na "wa kwanza", ukimtafuta duniani badala ya vitabuni, ni mtu mgumu kumpata.

Oktoba 1930, mtafutaji mafuta mzee aliyeitwa Columbus Joiner (jina ni sadfa tu) aligusa mafuta kwenye kisima chake cha tatu katika shamba la mjane Daisy Bradford, mashariki mwa Texas. Chini yake palikuwa na bwawa la mafuta lililoenea chini ya mashamba ya maelfu ya watu. Mafuta hayajui mpaka wa shamba: ukitoboa hapa, yanahama kutoka kule. Mahakama za Marekani zilikuwa zimeshaamua tangu karne ya 19 kwamba chochote kinachotoka kwenye bomba lako ni chako, hata kama kimenyonywa kutoka chini ya jirani. Kwa hiyo dawa ya jirani ilikuwa moja tu, kuchimba upesi kuliko wewe. Katika mji wa Kilgore minara ya kuchimbia ilisongamana hadi miguu ikagusana. Kwenye kipande kimoja cha ardhi kinachozidi kidogo tu ekari moja vilichimbwa visima 24. Msukumo wa maji uliokuwa ukiyapandisha mafuta ukaanza kudhoofika, na bei iliyokuwa karibu dola moja kwa pipa ikaporomoka hadi senti 10 hivi kufikia kiangazi cha 1931. Agosti mwaka huo gavana Ross Sterling, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa rais wa kampuni kubwa ya mafuta, aliwapeleka wanajeshi kufunga visima.

Walibertari wana jibu, na si jibu jepesi. Wanasema kosa halikuwa la mali binafsi, kosa lilikuwa la mahakama kuichora vibaya: haki ya kweli ingempa mgunduzi bwawa zima, na mbio zile zisingetokea. Labda. Lakini tazama kilichofanyika hapo. Tumeamua kwamba kipande kinachohesabika ni bwawa, si kisima wala shamba. Kwa nini bwawa? Joiner alichanganya jasho lake na tundu jembamba la kina cha kama mita 1,100. Kumpa kila kilichoenea kwa kilomita nyingi kuelekea kaskazini na kusini ni uamuzi wetu, unaweza kuwa wa busara, lakini mchanga na mafuta havikutuambia. Mtu fulani lazima aamue mpaka wa kitu kabla hatujauliza nani amekishika wa kwanza, na huyo mtu, iwe mahakama, bunge au kikao cha wachimbaji, anagawa mali tayari.

Wenye mashamba, kwa upande wao, walilipwa kwa desturi sehemu moja ya nane ya mafuta yaliyotoka ardhini mwao. Hawakugundua kitu. Walikuwa wamelima pamba juu ya utajiri ambao hawakuujua. Natamani mtu anionyeshe ni kanuni gani ya kazi na jasho iliyowapatia ile moja ya nane.

Hapo huingia mchumi Israel Kirzner, na kwangu yeye ndiye mtetezi makini kuliko wote. Kirzner anasema kugundua ni kuumba. Rasilimali ambayo hakuna aliyeitambua haipo kiuchumi. Anayeitambua ameileta duniani, kwa hiyo hajamnyang'anya mtu. Kuna ukweli mzito ndani yake. Kabla ya kisima cha Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, mafuta ghafi kwa wachimba chumvi yalikuwa uchafu unaoharibu visima vyao, na wajanja waliyauza kwenye chupa kama dawa. Akili za watu ndizo zilizoyageuza kuwa mali. Mchumi Julian Simon alisimama kwenye wazo linalofanana na hilo alipoweka dau na mwanabiolojia Paul Ehrlich mwaka 1980 kwamba bei ya metali tano ingeshuka katika miaka kumi licha ya watu kuongezeka. Ilishuka, na Ehrlich akamtumia hundi ya dola 576 na senti 7. Ila hoja ya Kirzner ina makali mawili. Inamlipa mgunduzi wa kwanza, haimlipi mjukuu wake aliyerithi eneo wala kampuni iliyonunua ardhi ikasubiri mji ukue hadi mlangoni. Thamani ya kiwanja cha katikati ya jiji imegunduliwa na nani? Na mji wote. Hapo ndipo Henry George, mwanauchumi wa Marekani, alipojenga kitabu chake cha mwaka 1879, akitaka jamii iache faida yote ya jasho kwa mwenye jasho na ichukue kodi ya ardhi yenyewe. Mwandishi wa siasa Thomas Paine alikwishasema jambo la jamaa hiyo mwaka 1797: mwenye ardhi ana deni kwa waliofungiwa nje, kwa hiyo kila kijana apewe pauni 15 akifika miaka 21, na kila mtu pauni 10 kwa mwaka kuanzia miaka 50. Alaska, jimbo lisilojulikana kwa siasa za kushoto, lilianzisha mfuko wake wa mafuta mwaka 1976 na mwaka 1982 likamlipa kila mkazi dola 1,000. Wakazi hawakuiona hundi ile kama sadaka. Waliiona kama gawio.

Lakini pingamizi linalowauma zaidi walibertari wa kulia haliko kwa George. Liko kwenye vitabu vyao wenyewe.

Nozick alisema mali ni halali ikiwa ilipatikana mwanzoni kwa haki na ikahamishwa kwa haki. Akaongeza kanuni ya tatu: palipotokea dhuluma, irekebishwe. Kanuni hiyo ya tatu ameigusa kwa kurasa chache tu, lakini hakuificha. Alikiri kwamba dhuluma za zamani zinaweza kuwa kubwa kiasi cha kuhitaji, kwa muda, dola pana kuliko ile ya mlinzi wa usiku. Rothbard alikwenda mbali zaidi: kwake, ardhi ya kabaila aliyepewa na mfalme si mali ya kabaila, ni mali ya mkulima anayeilima, na kumrudishia si ujamaa bali ni kulinda mali binafsi. Haya ameandika mtu anayehesabiwa kuwa kulia kabisa.

Sasa yapeleke maneno hayo Marekani yenyewe, kitovu cha nadharia hii. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160, sawa na hekta 65 hivi, mradi aishi hapo na kuilima kwa miaka mitano. Inafanana sana na Locke: fika, lima, miliki. Kwa njia hiyo ziligawiwa ekari takriban milioni 270. Na tarehe 22 Aprili 1889, saa sita mchana, ishara ilipotolewa kule Oklahoma, maelfu ya watu walitimua mbio kwa farasi, magari ya kukokotwa na hata treni kuwahi viwanja; waliojipenyeza usiku wakajificha vichakani wakapachikwa jina la dharau ambalo baadaye jimbo zima lililivaa kwa fahari. Ardhi ile haikuwa bila wenyewe. Ilikuwa imetoka mikononi mwa mataifa ya wenyeji ya Creek na Seminole kwa mikataba waliyobanwa kuikubali baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na kabla ya hapo Mahakama ya Juu, mwaka 1823, ilikuwa imeamua kwamba wenyeji wana haki ya kukaa tu, na hawawezi kumuuzia ardhi yeyote isipokuwa serikali. Kwa Locke pia, ardhi isiyolimwa ilikuwa ardhi iliyotelekezwa. Mfugaji anayehama na malisho, mwindaji anayehitaji msitu ubaki msitu, wote wanafanya kazi ambayo kipimo hiki hakiioni. Sheria ya maji ya magharibi mwa Marekani ilirithi upofu huo: tangu uamuzi wa Colorado wa mwaka 1882, anayeyachepusha maji kwanza ndiye mwenye haki ya kwanza, na kwa muda mrefu kuyaacha mtoni kwa ajili ya samaki hakukuhesabika kuwa matumizi.

Ukiwafuata Nozick na Rothbard bila kuchagua, hatimiliki nyingi za leo zinayumba. Walio wengi wanaolitaja jina la ulibertari majukwaani hawafiki huko. Wanaikumbatia kanuni ya pili, ile ya kuuziana na kurithishana, na kuhusu ya tatu ni funika kombe mwanaharamu apite. Anayesema kodi ni wizi halafu akasema wizi wa ardhi wa karne ya 19 ni mambo ya kale hana nadharia ya haki. Ana orodha ya vitu ambavyo hataki viguswe.

Mahali pekee ambapo nadharia hii inaweza kujaribiwa bila mzigo huo ni angani, na jaribio limeshaanza. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kudai Mwezi kuwa lake. Sheria ya Marekani ya mwaka 2015, kisha ya Luxembourg ya mwaka 2017, zikaruhusu kampuni kumiliki kile itakachochimba huko, si sehemu inapochimba. Locke angeukubali mgawanyo huo, na hata Henry George asingeuchukia. Ila barafu ya Mwezini imejikusanya zaidi kwenye kreta, yaani mashimo, zisizofikiwa na jua kando ya ncha zake, si kila mahali, na makubaliano ya nchi kadhaa yaitwayo Artemis, ya mwaka 2020, yanaruhusu anayefanya kazi huko kutangaza ukanda wa usalama ambao wengine watatarajiwa kutouvuruga. Upana wa ukanda huo haujaandikwa popote, wala hakuna aliyesema utadumu miaka mingapi.